Mwongozo kamili wa kumsoma mchekeshaji kwa zile herufi nne, bila kumsingizia

Kuna jamaa mmoja hapa Nakuru, mchekeshaji, jina nabana. Mara ya kwanza kumwona stejini alipanda juu ya meza ya watu, akaonja chipsi za mtu, akamwita mama mmoja wa mbele "shemeji", ukumbi mzima chali. Nikarudi home nikaandika kwa kitabu zile herufi nne za hulka za Myers-Briggs: ESFP, yaani mtu wa watu na wa papo hapo, hakuna maneno mingi. Miezi kama mitatu baadaye tukajikuta matatu moja kwenda Kisumu, ameitwa kuchekesha watu kwa harusi, nami nikajiambia leo nitacheka mpaka Ahero. Wapi! Pale steji tu aliziba masikio na earphone, Salgaa hajasema neno, Mau Summit hajasema neno, Kericho akanunua mahindi choma akaniuliza "utakula?" na hiyo ndiyo ilikuwa stori yote ya safari. Nikadhani anasikiza ngoma. Kumbe anasikiza shoo yake ya wiki iliyopita, daftari iko kwa goti, kila joki anaandika kicheko kimekaa sekunde ngapi. Ile kupanda meza imeandikwa. Hata "shemeji" imeandikwa, na kando yake kuna alama kwamba Eldoret haikushika.

Nilifuta ESFP yangu hapo hapo ndani ya matatu, na tangu hiyo siku ndio nikaanza kufanya hii kitu kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio huu. Ukiufuata itakuchukua wiki kadhaa, si dakika kumi za kubishana kwa kibanda cha chai, kwa hivyo kama unataka tu herufi za kupost, hii ni ndefu kwako.

Kwanza ujue unashika chombo gani

Hizi mambo zilianza na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ambaye mwaka wa 1921 alitoa kitabu kinene kuhusu aina za watu. Alisema kuna watu ambao nguvu yao ya akili inakimbilia nje, kwa vitu na watu, na kuna wale inarudi ndani. Halafu kila mmoja ana njia anayoitegemea zaidi: kufikiri, kuhisi, kushika kwa milango ya fahamu, ama intuisheni, yaani kunusa kile kinachokuja kabla hakijafika. Mbili mara nne, aina nane.

Na kitu watu wengi wa huku hawajui, huyo mzee alifika kwetu. 1925 aliteremka meli Mombasa, akapanda treni, akaja hadi Mlima Elgon, akakaa na wenyeji akiwauliza ndoto zao kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota na kamusi ndogo mkononi. Kuna mzee mganga alimjibu kwamba tangu wazungu waje ndoto zimeisha, hakuna haja ya kuota kwa sababu DC anajua kila kitu. Jung anasimulia kwamba mzee alisema hivyo na machozi machoni, na mimi nasadiki, lakini mtu yeyote aliyekaa na wazee wa Kapsokwony ama Cheptais, huko huko Elgon, akiisoma hiyo sentensi anasikia pia kijembe ndani yake, kile cha mzee anayelia na kukuchapa kwa mpigo mmoja. Usiisahau hiyo stori, tutairudia: mgeni anaweza kusikia maneno yote na bado akakosa sauti.

Baada ya Jung wakaja mama na binti yake Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wote wawili hawakusomea saikolojia, wakachukua aina zake wakatengeneza maswali ya kujibu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaongeza jozi ya nne, ikawa aina 16. Ndio hizo E (ekstrovati, nguvu inakimbilia nje) ama I (introvati, inarudi ndani), S (milango ya fahamu) ama N (intuisheni), T (kufikiri) ama F (kuhisi), J (mtu wa kupanga na kuamua mapema) ama P (mtu wa kuacha mambo wazi).

Sasa ukweli mchungu. Wanasaikolojia wengi wa utafiti hawazitumii hizi herufi, wanapendelea ile mizani ya tabia tano (Big Five) inayompima mtu kwa kiwango, kwa sababu watu wengi wako katikati ya mstari na herufi inawakata kwa kisu upande mmoja. Tena mtu akirudia yale maswali baada ya wiki chache anaweza kutoka na herufi tofauti. Na kuna jaribio la Bertram Forer la 1948: aliwapa wanafunzi wake maelezo ya hulka, kila mmoja akidhani ni yake pekee, wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na sentensi nyingi kazitoa kwa kitabu cha nyota. Kwa hivyo ukimwandikia mchekeshaji "huwachekesha wengine lakini ndani ana upweke" akasema weee umenijua, hujajua kitu. Hata kinyozi wangu ana upweke.

Mbona basi tusumbuke? Kwa sababu herufi zinakulazimisha uangalie vitu ambavyo usingeangalia. Mimi nazitumia kama orodha ya maswali. Zikigeuka kuwa hukumu naziweka chini.

Rekebisha Kiswahili chako kabla ya kugusa mtu

Hii ndio inaangusha watu wengi. Tunasikia introvati tunatafsiri "mpole", tunasikia ekstrovati tunasema "mchangamfu", na hapo tayari umeharibu kila kitu, kwa sababu mchekeshaji yeyote akiwa kazini atakuwa mchangamfu, ni kama kusema fundi anapenda nyundo. Swali si kama anapiga kelele, swali ni anaenda kuchaji wapi. Shoo ikiisha saa nne usiku, yule anabaki mpaka saa nane akipiga stori na walinzi, na yule yuko nyuma ya ukumbi anatafuta nduthi ya kwenda kulala, hao ni watu wawili tofauti hata kama walichekesha sawasawa. Kuna utafiti wa Gil Greengross na Geoffrey Miller wa 2009 uliowalinganisha wachekeshaji wa steji na wanafunzi wa chuo, na wachekeshaji wakatoka juu kwa uwazi wa mawazo lakini chini kwa uekstrovati. Chini! Mimi niliposoma hiyo nikakumbuka mahindi ya Kericho.

Vilevile "kuhisi" ya F si kulia ovyo. Ni mtu anayepima mambo kwa uzito wake kwa watu: nani ataumia, nani anastahili. Na "kufikiri" ya T si akili mingi. Ni mtu anayepima kwa kama hoja inasimama. Kuna mama wa sokoni pale Kibuye ambaye hakumaliza darasa la nane na ni T mpaka kwa kucha, mwambie bei haijakaa sawa uone.

Kusanya, na usikusanye klipu peke yake

Klipu ya sekunde 40 ni kazi ya mtu wa kuhariri. Kile kimya kabla ya joki kimekatwa, joki tatu zilizokufa zimekatwa, na mara nyingine vicheko vyenyewe vimebandikwa. Kama huyo mtu yuko kwa TV kumbuka pia kuna waandishi wanamwandikia.

Unataka vitu vya aina tatu. Shoo nzima, mwanzo hadi mwisho, angalau tatu na kwa miji tofauti, maana mtu akiwa Nakuru, akiwa Kisumu na akiwa Kakamega ndio utaona nini kinabadilika na nini hakibanduki. Halafu mahojiano marefu, ya redio ni mazuri zaidi kwa sababu hakuna sura ya kuficha nyuma yake. Halafu zile dakika hakuna mtu anampigia makofi: akisubiri sauti ijaribiwe, akilipwa, akichelewa kulipwa (hii ya mwisho inatoa hulka yote nje). Usirekodi seti ya mtu bila kumwomba. Joki ikivuja imekufa, na hiyo ndio karo ya watoto wake.

Daftari lako ligawe safu tatu: alichosema, alichofanya na mwili, watu walifanya nini. Usiandike "ni mcheshi sana" ama "ana confidensi." Andika "amegusa maiki mara nne kabla ya kuanza." Tabia utaitafuta nyumbani ukiwa umetulia.

Mvue nguo za kazi

Hapa ndio kuna kazi yenyewe na hapa nitakaa kidogo.

Mjomba wangu wa Nyakach aliishi akiamini Mzee Ojwang wa Vitimbi, ile komedi ya TV, ni mtu wa kwao, hata kuna ukoo alikuwa anampa. Ile lafudhi, ile "a" ya kuvuta, ile hasira ya mzee wa Kijaluo aliyenyimwa chai. Mwaka wa 2015 mzee alipofariki ndio mjomba akasikia kwa habari jina lake la kuzaliwa ni Benson Wanjau. Mkikuyu. Na Mama Kayai, mkewe wa kwa skrini, ni Mary Khavere, na hilo jina ukilisikia unajua ni la Uluhyani. Mjomba alinyamaza kidogo halafu akasema, "basi huyo alikuwa anatuangalia sana." Sijawahi kusikia uchambuzi mzuri kuliko huo. Kwa sababu ona, ile hasira ilikuwa ya mhusika, lakini lile sikio, ile subira ya kuangalia watu wa kabila lingine miaka mingi mpaka ukashika hata wanavyokaa kwa kiti, hiyo ni ya mtu mwenyewe. Ukitaka kumpa Wanjau herufi yoyote anza na lile sikio, na ile hasira muachie Ojwang.

Kwa hivyo kabla ya kuandika chochote, toa vitu vinne. Toa mhusika. Toa lafudhi, maana kwa komedi ya Kenya kuigiza Mluhya, Mjaluo na Mkikuyu ni kama chumvi, kila mtu anatia. Toa mchongoano: mtu akimwambia mwenzake "nyinyi ni wengi mpaka mnalala kwa zamu" haimaanishi ana roho mbaya, huo ni mchezo wenye sheria zake na tumeucheza wote tukiwa shule ya msingi. Na toa kiki. Mtu akitangaza ameachana na bibi Jumatatu na shoo ni Ijumaa, hiyo ni bango la matangazo.

Kitakachobaki baada ya hapo ni kidogo sana, utashangaa. Na hicho kidogo ndio mali.

Angalia joki imejengwaje, usiangalie inahusu nini

Wote wanaongea kuhusu matatu, bibi, kanisa na siasa. Mada haikuambii kitu. Angalia mafundi wanne wakiipata stori moja, ya mtu amebeba kuku kwa matatu ya Kakamega.

Wa S atakupa kuku. Rangi ya kuku, kamba imefungwa mguu gani, harufu, konda amemwekea mkono wapi, na atakufanyia ile shingo ya kuku ikienda mbele na nyuma gari ikipiga tuta. Unacheka kwa sababu umemwona. Wa N ataanza na kuku na dakika mbili baadaye uko Benki ya Dunia, hujui ulifikaje, kuku amegeuka kuwa mkopo na abiria ni wajukuu wetu watakaolipa. Wa T atachukua sheria ya konda, "kila kiti kinalipiwa," ataifuata bila huruma: kama kuku analipa nusu, yai je? Na kuku akitaga Chavakali, yai lilipie kutoka wapi? Joki yake ni hoja iliyosukumwa mpaka ikaanguka kwa mtaro. Wa F kuku hamhusu kabisa, ni yule mama aliyembeba, anampelekea nani, kwa nini anamficha chini ya leso, na kabla ya panchilaini utaona amehakikisha unampenda huyo mama, hautamcheka, utacheka naye.

Bila shaka mchekeshaji mzuri anaweza zote nne. Unatafuta ile anayokimbilia akiwa amebanwa. Na hapo ndio dakika za ajali zina thamani kuliko seti nzima: maiki imezima, mlevi wa nyuma amepiga kelele, stima zimepotea. Yule jamaa wangu maiki ilizima Kisumu, na mimi nilikuwa nimekaa tayari na kalamu. Alisimama kama sekunde tatu, hakugusa kitu chochote ndani ya chumba, hakumrukia mtu wa sauti, akarudi kwa joki ya zamani kabisa ambayo ninajua ilishika Naivasha na Molo. Alifungua stoo. Mwingine angeipanda maiki yenyewe kama farasi.

J na P ndio jozi ya kuchunga zaidi. Mtu akirudia seti neno kwa neno mara tatu utataka kukimbilia J. Pole pole. Inaweza kuwa tu ufundi, maana hata mtu asiyepanga maisha yake, kodi imechelewa miezi miwili, akiwa kazini seti yake ni saa ya ukutani. Hii jozi itafute nje ya steji.

Na kama unaweza kumuuliza maswali, usimuulize "wewe ni introvati?" maana atakuletea joki. Muulize, "hii ya kuku ilianzia wapi?" Mmoja atasema nilimwona kuku, mwingine nilikuwa nafikiria deni, mwingine kuna kitu kilinikera hakina mantiki, mwingine ni shosho yangu. Hilo swali moja limenifaidi kuliko maswali yote ya mtandaoni.

Mfano: Mr. Bean

Nimemchagua kwa sababu hata watoto wa Kaptembwo wanamjua na hakuna lugha ya kutusumbua. Watu wanampa Bean herufi halafu wanambandika mwenye Bean. Haya, mvue. Bean ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, Rowan Atkinson anayemwigiza ameeleza hivyo mwenyewe. Tumeshamtoa.

Kimebaki nini? Mtu aliyezaliwa 1955, akasomea uhandisi wa umeme Newcastle kisha Oxford. Ana kigugumizi, na amesema kikipungua ni pale anapoingia ndani ya mhusika. Uchekeshaji wake uko kwa vitu vya kushikika: kiti, sandwichi, nyusi moja. Hapo S ina ushahidi wa kutosha, kwa kazi yake angalau. T, ule uhandisi unanong'ona lakini kozi ya chuo si hulka, wangapi hapa walisomea uhasibu kwa sababu baba alisema. I? Chunga sana: kigugumizi hakimfanyi mtu kuwa introvati, kuna ekstrovati wana kigugumizi na wanaongea siku nzima. Mahojiano yake ndiyo yanasaidia, anaonekana mtu wa pole anayechagua neno, tofauti kabisa na vituko vya wahusika wake. Kwa hivyo mimi ningeandika: S, nina imani. I, kiasi. T, alama ya kuuliza. J na P, naacha wazi.

Ndio, utaacha nafasi wazi. Anayekupa herufi zote nne za mtu aliyemwona kwa YouTube, mwombe pia namba za bahati nasibu.

Pigana na jibu lako

Ukishapata dhana, andika nyingine inayoifanana na utafute kitu kitakachozitenganisha. Mimi kwa jamaa wangu nilikuwa na ISTJ na ISTP. Zote mbili ni kimya, zote zinashika vitu. Tofauti kwa nadharia ni kwamba wa kwanza anategemea kumbukumbu ya kilichofanya kazi, wa pili anacheza na kilicho mbele yake saa hii. Ile maiki ya Kisumu na lile daftari la sekunde ikaniegemeza kwa ISTJ. Halafu kwa lazima nikatafuta vitu vitatu vinavyopinga, na nikavipata viwili: huwa anachelewa kila mahali, na kuna siku Bondo aliacha seti yote akapiga stori na mtoto wa mbele dakika ishirini na ikawa shoo yake bora ya mwaka. Hizo sikuzifuta. Ziko kwa ukurasa.

Mpe pia rafiki yako daftari bila herufi aone yeye atafika wapi. Mkifika mahali tofauti kabisa, rudini kwa shoo. Na kama unataka chombo kingine cha kupima, kuna mitindo minne ya ucheshi ya Rod Martin na wenzake, 2003: ya kuunganisha watu, ya kujipa moyo, ya kuchapa wengine, na ya kujichapa mwenyewe. Mimi huitumia kabla ya herufi, maana kuhesabu ni rahisi: kwa joki 20, ngapi anajichapa?

Ukiandika

Andika "stejini anaonekana", usiandike "yeye ni". Usiguse magonjwa ya akili, usiseme fulani ana depresheni kwa sababu macho yake yako na huzuni kwa picha, hiyo ni kazi ya daktari na tena ni ya siri. Mambo ya bibi na watoto yaache nje. Na kama mtu ni wa lugha nyingine na yako, tafuta mwenye lugha akusikizie, kama vile Jung angefaidika na mtu wa Elgon wa kumgusa bega amwambie, "huyo mzee hapo anacheka pia."

Kama unamfahamu, muonyeshe kabla ya mtu mwingine. Mimi nilimpelekea wangu kurasa tano, tukiwa Section 58 kwa chai. Alisoma zote bila kucheka, akaniuliza Bondo nimeandika ilikuwa dakika ngapi, nikamwambia ishirini, akasema kumi na saba, akatoa daftari yake akaandika kitu. Ijumaa iliyofuata nimekaa nyuma kabisa nasikia, "kuna msee ananifuata na kitabu kama kanjo, ati anataka kujua mimi ni herufi gani, nimemwambia mimi ni D, toka darasa la tatu." Kicheko kilikaa sekunde sita. Nilihesabu.